Nimekaza Kamba Zote, Maski ya Mume Wangu Bado Inavuja

Mshauri wangu mpendwa, naomba msaada wako na naomba usinicheke, maana sasa hivi tu nikitafuta kalamu, mtoto wangu Jepkemboi, ana miaka mitatu, amechukua mkebe wa mafuta ya kujipaka, akampaka mdoli wake uso mzima mpaka ukang'aa kama sufuria mpya, halafu akamvisha ile maski ya babake ya kulalia, akamwambia, "Lala baba, na usikorome," na maski ikateleza ikaangukia kwa uji, na mimi badala ya kumkanya nikakaa chini nikacheka mpaka machozi yakatoka, halafu nikaona hayo machozi si ya kucheka tena, ndio nikasema wacha leo niandike.

Naitwa Chelagat, tunakaa Bondeni hapa Nakuru, nina miaka ishirini na tatu, shule niliachia darasa la saba kwa hivyo utanisamehe mwandiko. Mume wangu Kipkemei ni dereva wa lori ya bosi mmoja wa hapa tauni anaitwa Paresh, anauza simiti na mabati, ni mtu mzuri, hata Jepkemboi alipozaliwa alituletea blanketi. Kipkemei naye ni mtu mzuri sana, shida yake ni kulala. Anakoroma, lakini si kukoroma kama ya watu. Hizi nyumba zetu ukuta ni mmoja, na jirani yetu Waithaka, anayeuza mayai, kila asubuhi ananingojea kwa mfereji aniulize, "Mathe, ile lori ilifika? Nimeisikia usiku mzima ikipanda mlima na gia ya kwanza!" Mimi nacheka na yeye, nitafanya nini. Lakini kukoroma hakunitishi, kinachonitisha ni vile anaacha. Anakoroma, anakoroma, halafu kimya, hakuna pumzi, na mimi nahesabu moja, mbili, tatu, nikifika kumi na tano namsukuma na kiwiko, ndio anavuta hewa kama mtu ametolewa kwa maji. Nimehesabu hivyo tangu tuoane, na mchana yeye anasinzia hata akitafuna.

Basi mwezi wa sita mwaka huu, saa nne asubuhi, jua imewaka, Kipkemei alilala kwa usukani karibu na Salgaa. Lori ikatoka kwa barabara ikaingia kwa shamba la mahindi ya mtu ikasimama yenyewe. Hakuna mtu aliumia, Mungu ni mkubwa, lakini pale pembeni kulikuwa na mama na watoto wawili wakiuza karoti, na Kipkemei ameniambia hao watoto anawaona mpaka leo.

Paresh hakumfuta. Alimwambia, "Kipkemei, wewe ni dereva mzuri, lakini ukilala kwa usukani huo uzuri wako utamsaidia nani? Baba yangu alikuwa hivyo hivyo." Kumbe mzee Gopal, babake Paresh, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa na ugonjwa huo, koo inajifunga mtu akilala, na alikuwa na mashine inampulizia hewa usiku. Paresh akampeleka Kipkemei kwa daktari Nairobi, wakampima, daktari akasema ndio huo, akaipanga ile mashine ya mzee kwa kipimo cha Kipkemei, wakampatia maski mpya, ile ya kufunika pua, iko na kamba inazunguka kichwa. Masharti ni moja. Kipkemei apakie simiti kwa stoo, asiguse funguo ya lori, mpaka arudi kwa daktari tarehe ishirini na nane mwezi ujao, na mashine iko na mahali inahesabu masaa, daktari ataangalia kama analala nayo.

Mshauri, hiyo maski inavuja! Hewa inatoka huku juu inampuliza kwa macho mpaka anaamka macho ni nyekundu kama ya mtu ametoka kwa pombe, na akigeuka inatoa sauti ambayo siwezi kuandika kwa gazeti, na Jepkemboi anaamka kwa giza anauliza, "Nani amefanya?" Nimejaribu kila kitu. Nilikaza kamba. Ilivuja. Nikakaza tena. Nikachukua sindano nikashona ile elastiki ikawa fupi zaidi. Nikaweka soksi ya mtoto hapa juu ya pua kuziba. Asubuhi uso wa Kipkemei uko na mistari kama shamba imelimwa na trekta, na kwa stoo wenzake wanamuuliza ni nani amemkanyaga. Mimi namuonea huruma, kwa hivyo kila jioni akishaoga namketisha kwa stuli nampaka mafuta uso wote, pole pole, na pale kwa mistari naongeza. Mama yangu alinilea hivyo, mtu haendi kulala na uso umepauka kama mtu hana mtu. Halafu namvisha, nakaza, analala, baada ya masaa mawili anaing'oa anaitupa.

Sasa nafika pale pa aibu. Juzi aliniambia, "Mama Jepkemboi, wacha tujisumbue bure. Tuwashe mashine, maski tuifunge kwa mto, tuiweke chini ya kitanda ihesabu masaa yake. Daktari anataka masaa, si tutampatia masaa?" Na mimi nikakubali. Usiku tatu sasa. Mashine iko chini ya kitanda inahesabu masaa, mimi niko juu nahesabu kimya. Nikinyamaza, atarudishiwa funguo, na hao watoto wa karoti bado wanakaa pale kando ya barabara. Nikimwambia Paresh, mume wangu ataona nimemuuza, na kazi imeenda. Nifanye nini, mshauri? Mimi bado naamini iko njia, hiyo maski haikutengenezwa ivuje, na leo nataka kujaribu tena kabla hajalala, nimenunua mafuta ingine, ile nzito ya mkebe wa bluu, nimpake vizuri kwanza ngozi iwe laini, halafu nikaze hizo kamba mpaka, ngoja, ananiita kule bafu ati sabuni imeisha na

*

MSHAURI ANAJIBU

Chelagat, barua yako imekatika, na nashukuru imekatika hapo, maana ungeendelea kuandika ungeendelea kukaza. Weka kamba chini. Ule mkebe wa bluu nao ufunike, uuweke juu mahali Jepkemboi hafiki, na wewe pia usiufikie mpaka asubuhi.

Hebu rudi mwanzo wa barua yako mwenyewe, mama. Mtoto amempaka mdoli mafuta, amemvisha maski, maski imeteleza ikaingia kwa uji. Mtoto wa miaka mitatu amekuonyesha ugonjwa wa hiyo maski kabla hujamaliza sentensi ya kwanza, na wewe ukacheka! Amekuiga wewe, hatua kwa hatua. Maski hiyo inashika kwa ngozi, na ngozi yenye mafuta haishikiki. Inateleza, inavuja, unakaza. Ukikaza inamchora mistari. Ukiona mistari unaongeza mafuta. Mafuta yanafanya iteleze zaidi. Unazunguka hapo kila siku, kwa sababu ya huruma tupu. Sikulaumu kwa kumpenda mumeo. Nakulaumu kwa saa uliyochagua. Mpake asubuhi akishaivua, umpake mpaka ang'ae tauni nzima ijue ana mtu. Jioni, uso wake uwe mkavu.

Nimemuuliza nesi mmoja ninayemwamini, anayewahudumia watu wenye mashine kama hiyo, na haya ndiyo aliyoniambia. Chukua wembe ufumue ile elastiki uliyoishona, na soksi uirudishe kwa mguu wa mwenyewe. Maski yenyewe ioshe sasa hivi, imejaa mafuta ya wiki nzima na uji wa Jepkemboi: maji ya vuguvugu, sabuni isiyo kali, suuza vizuri, ianikwe kivulini, si juani kwenye kamba ya nguo. Utafanya hivyo kila asubuhi. Kipkemei anawe uso kwa sabuni kabla ya kulala, na ndevu za siku tatu pale juu ya mdomo azinyoe, maana hewa inapita katikati yake.

Halafu, Chelagat, nimeona unamvisha akiwa ameketi kwa stuli. Kwani analala kwa stuli? Uso wa mtu aliyelala si ule wa mtu aliyeketi, nyama ya shavu inahama. Alale kitandani kwa ubavu wake wa kila siku. Legeza kamba zote. Washa mashine, weka maski puani, kisha ivute mbele kidogo kama unayetaka kuitoa, mpira wake ujae hewa, uiache irudi yenyewe ikae. Ndipo ukaze kidogo, kulia na kushoto sawa, kidogo tu. Kidole chako kipite chini ya kamba bila kubanwa. Hewa ikivuja, usikimbilie kukaza, rudia kuivuta mbele ikae upya. Na ule mpira mrefu wa hewa uupitishe juu ya kichwa cha kitanda, usimvute uso akigeuka. Stima ikipotea, avue maski. Ngozi ikipasuka pale kwa mistari, mwone nesi. Na ikiwa siku nne au tano zimepita, uso mkavu, kamba legevu, na bado inavuja, basi hiyo maski si saizi yake. Nyuso si moja. Msingojee tarehe ishirini na nane, pigeni simu kwa daktari mwombe kubadilisha.

Sasa hilo la chini ya kitanda. Nilisoma nikaweka barua kando, nikanywa maji. Kipkemei, najua mkeo atakusomea hapa, kwa hivyo nisikilize wewe mwenyewe. Hayo masaa ya usiku tatu ni ya mto. Mto umelala vizuri sana. Basi daktari akiridhika, funguo za lori apewe mto, na wewe uendelee kubeba simiti. Si wewe unayewaona wale watoto wa karoti mpaka leo? Daktari anaweza kudanganyika. Usingizi haudanganyiki, utakufuata mpaka Salgaa saa nne asubuhi ukudai.

Usiende kwa Paresh kwa mlango wa nyuma, Chelagat, hapo nakubaliana nawe. Lakini usinyamaze pia. Leo, kabla ya chakula, mwambie mumeo: mimi ndiye niliyekuwa nikivujisha maski kwa mafuta yangu, nisamehe, na mto siufungi tena. Anza na kosa lako, litamrahisishia kulisema lake. Kisha aende yeye mwenyewe kwa Paresh, amwambie maski ilikuwa inavuja na masaa ya usiku tatu yafutwe. Mtu aliyeleta blanketi na kumpeleka dereva wake Nairobi hawezi kukasirikia maski. Atakasirikia uongo, tena akiujua kwa mtu mwingine. Ikibidi tarehe isogezwe mbele mwezi mmoja, isogezwe. Simiti haijawahi kumaliza mwanaume. Na mpaka daktari aseme sawa kwa mdomo wake, Kipkemei asiguse usukani, hata wa kuihamisha lori kutoka kivuli hadi kivuli.

Jambo la mwisho ni lako peke yako. Usiku wa kwanza maski itakapokaa sawa, utashtuka. Hakutakuwa na lori inayopanda mlima. Waithaka atakosa la kukuambia kwa mfereji. Kutakuwa kimya, na wewe kimya umekizoea kama kitu cha kuhesabu, utaanza moja, mbili, tatu, kiwiko tayari. Usimsukume. Weka mkono kifuani mwake. Ukiona kinapanda na kushuka, acha kuhesabu, mama, ulale na wewe.