Kinara cha Mti Kilichomuunguza Mama Ngosa

Mama Graciella mpendwa, nakuandikia kwenye ukurasa wako wa ushauri nikiwa na hasira ambayo sijui niiweke wapi, naomba unisaidie kabla sijasema neno litakalovunja nyumba. Mume wangu Rodrigue ni seremala hapa mtaani kwetu panapoitwa Kenya, na mbali na viti na vitanda anachonga vinara vya mti vya kusimamishia mishumaa, vizuri kweli, anavipaka vernis mpaka vinang'aa, na mimi ndiye ninayeviuza sokoni, na kwa jinsi umeme unavyokatika huku kwetu havikai, vinaisha haraka. Tangu mwanzo nilimwambia, Baba Shalom, pale mshumaa unapoingia weka kikombe kidogo cha bati, moto usiguse mti, akanijibu, "Mama Shalom, bati inaharibisha uzuri ya kazi yangu. Weye uzisha tu." Basi nikauza.

Jirani yetu Mama Ngosa, mjane anayeshona nguo, alinunua kimoja kwangu. Wiki iliyopita, jioni, umeme ulikatika akiwa kwenye cherehani, akawasha kipande cha mshumaa kwenye kinara hicho, akakiacha mezani karibu na vitambaa vya wateja, akatoka uani kusonga bukari, ugali wa jioni, na huku nyuma mshumaa ukaisha, utambi ukalala kwenye mti, vernis ikashika moto, na aliporudi meza ilikuwa inawaka, akakikamata kinara kwa mkono mtupu akakitupa nje ili aokoe nguo za watu. Nguo aliziokoa. Mkono wake wa kulia umeungua kiganja na vidole, daktari hajui kama vitakunjika tena, na huo ndio mkono unaomlisha.

Sasa kaka yake, Chishimba, amepeleka mambo kwa chef wa avenue, kiongozi wa barabara yetu, na Jumamosi tutakaa wote mbele yake. Nilidhani mume wangu ataenda kumpa pole, kumbe aliniita chumbani akasema, "Utasema ile kinara haiko ya kwetu. Alinunua kwa bengine." Nikamuuliza, "Na mukono yake?" Akasema, "Aliacha moto peke yake, ni makosa yake. Ukisema ingine, utarudia kwenu Kipushi." Mama, jana nilipompelekea Mama Ngosa uji, alinishika kwa mkono uliobaki mzima akaniambia, "Binti yangu, weye njo utanisemea ukweli." Mume wangu nampikia, lakini sahani naigonga mezani. Na jana hiyohiyo alinijazia vinara kwenye beseni, nikaenda sokoni nikauza viwili, maana watoto wanakula. Niseme ukweli nipoteze ndoa, au ninyamaze? Namba ya simu ya mume wangu naiweka hapa chini, ukimpigia utamsikia mwenyewe.

Glodie, mtaa wa Kenya

*

Glodie, nilikuwa nakusoma kwa uchungu mpaka nilipofika pale uliposema "nikauza viwili". Hapo niliweka barua chini. Umetoka kumlisha uji mwanamke aliyeungua, kisha ukaenda kumpa mwingine moto uleule! Usijifiche nyuma ya watoto. Hao walionunua nao wana watoto.

Mumeo nimempigia. Alinipokea kwa heshima hadi nilipotaja mkono wa Mama Ngosa.

"Mama, ile ni mambo ya nyumba yangu," akasema.

"Nyumba ya Mama Ngosa njo iliwaka, haiko yako," nikamjibu.

Nilisikia randa inasimama. Kisha akasema, "Niliogopa, Mama. Bakijua, nani atanunua tena kitu kwangu?"

Nikamwambia woga wake haumpi ruhusa ya kumfanya mke wake mwongo mbele ya watu. Akakata simu. Sitakudanganya kwamba amebadilika. Lakini mtu anayekiri woga bado anaweza kuongozwa.

Kwa hiyo leo, si kesho, acha kuuza. Watafute wale wawili, uvichukue tena vile vinara. Rodrigue atie kila kimoja kikombe cha bati chenye kina na mdomo mpana, na vernis isikaribie pale moto unapokaa. Akikataa, asikupe beseni, akaviuze mwenyewe. Kabla ya Jumamosi mwambie muende wote kwa Mama Ngosa, yeye aongee kwanza, aombe msamaha, abebe gharama za matibabu. Huo ndio mlango unaomfungulia. Asipopita, pita wewe.

Nanyi wengine mnaosoma, tazameni meza zenu. Kinara cha mti bila bati au kioo chini ya mshumaa ni kuni iliyopambwa. Kiwekeni juu ya sahani, mbali na pazia, nguo na karatasi. Zimeni mshumaa ukiwa bado na urefu wa vidole viwili, na msitoke chumbani ukiwaka, hata kwa bukari. Mama Ngosa alikosea hapo, nawe, Glodie, utalisema bila kumficha. Ila kosa lake halifuti la fundi aliyeonywa akapuuza.

Kuhusu Kipushi: mwanamume anayemfukuza mke kwa sababu amekataa kusema uongo, aibu ni yake. Ukifukuzwa, nenda kwa wazazi wako na watoto wako, na chef wa avenue ajue sababu.

Jumamosi watakuuliza kinara kile ni cha nani. Usitazame chini, wala usimtazame Rodrigue. Sema kwa sauti ambayo Mama Ngosa ataisikia pale alipokaa: "Ni cha kwetu."