Kupishana Nyololo

Iringa, Ijumaa usiku

Afadhali ningempigia simu. Semina ya kazini kwangu Mbeya ilikwisha mapema, nikapanda basi la asubuhi bila kumwambia mke wangu, ili nimshtukize nyumbani. Kumbe naye alikuwa ameshaondoka kwenda harusini Rujewa.

Msimu huu harusi tumezigawana: za ukoo wake huenda yeye, za kwetu huenda mimi. Utaratibu huo niliupendekeza mwenyewe. Sasa sikumbuki ni lini tulikula pamoja.

Jioni akapiga.

"Baba Neema, basi lenu nimeliona limesimama Nyololo. Nimekupungia mkono mpaka abiria wakanicheka!"

"Nilikuwa nikitafakari."

"Kutafakari gani huko, baba, na mdomo wazi?"

Nilicheka.

Kesho nina harusi hapa mjini. Kadi ni ya watu wawili. Kwenye kiti chake nitaweka koti langu, asije akakikalia mtu.

Jumapili yeye anarudi Iringa, mimi narudi kazini Mbeya. Tumekubaliana tuondoke saa ile ile. Nitakaa dirisha la kulia, na sitasinzia.