Halua ya vitendawili

Mize shoga yangu, leo nimeumbuka. Tunatoka kwa daktari wa meno na mjukuu wangu Samiha.

Jino lilikuwa linamuuma, mie nikashikilia kuwa ni baridi tu. Daktari kamfunua mdomo, akauliza, "Nani anampa vitamu kabla ya kulala?"

Mie nikajitia natafuta kitu mkobani.

Samiha akasema, "Bibi. Nikitegua kitendawili ananipa halua."

"Na ukishindwa?"

"Ananipa pia, nisilie."

Ananipa pia, Mize. Na mamake kakaa hapo hapo, yeye aliyenikataza.

Daktari kacheka, kisha akanambia, "Bi Saada, hili tumeliziba. Likioza jengine tutaling'oa. Vitendawili mtegee, vinamchangamsha akili. Ila zamani anayeshindwa alitoa mji, halua haikuwemo. Na apige mswaki kabla ya kulala."

Kweli, tulikuwa tunapeana miji mitupu na tunalala tunacheka.

Basi garini Samiha kanitegea, nikashindwa. Nikamwambia achague mji. Kachagua Wambaa, huko kwako. Kasema sasa ni wake, na haingii mtu asiyepiga mswaki. Mie nilitaka kuja kesho, ananiuliza mswaki wangu uko wapi.