Taji Juu ya Kofia ya Babu

Dada yangu Zuhura,

Shikamoo. Sisi huku Kariakoo tumeamka salama, Alhamdulillahi, ila nafsi yangu haijatulia. Mama anaendeleaje? Bado anashindwa kumeza? Na mgongo wako umepoa?

Sikupiga simu kwa sababu huwa unaiweka sauti kubwa Mama naye asikie. Barua nimeiweka ndani ya kofia yenyewe, kwenye mzigo wa basi. Isome ukiwa peke yako.

Unajua Mama alivyoniagiza, nitafute mtu anayezijua kofia hizi aseme ni ya lini. Tangu utoto tunaambiwa Babu Hamisi aliuawa Burma akiwa ameivaa, kapewa na ofisa wake Mskoti. Aliyeileta ni Babu Issa, askari mwenzake, miaka mingi baada ya vita, Mama akiwa binti wa kubeba ndoo. Kwa kofia hiyo Bibi alikaa eda, na eda ilipoisha akaolewa na Babu Issa.

Basi nikampata Mzee Jayanti, anauza vitu vya kale karibu na Mnazi Mmoja. Akanitania, "Wewe si muuza kofia? Imekushinda?" Tukacheka. Akashika zile riboni mbili za nyuma na miraba myekundu na myeupe ya pembeni, akasema ni ya Waskoti, haina ubishi. Nilifurahi, dada.

Kisha akaisogeza kofia dirishani, aitazame vizuri beji ya chuma iliyochomekwa ubavuni. Akatoa beji nyingine kabatini, akaziweka pamoja. Taji lililochongwa juu ya ile nyingine limevimba kama andazi. La kwetu limebonyea katikati. Akanieleza kuwa vita vya Burma vilipiganwa wakati wa mfalme, na taji la mfalme ni lile la duara. Hili lililobonyea ni la malkia aliyekuja baadaye. Nikasema labda beji ilibadilishwa. Akaichomoa: matundu ni yake tu, na kitambaa chini yake hakijapauka, kina umbo lake lile lile.

"Aliyekufa Burma hakuivaa hii," akasema. "Pole, bwana."

Niliswali Adhuhuri bila kujua nasoma sura gani.

Labda Babu Issa alimzika mwenzake kweli, ila hakuwa na cha kumwonyesha Bibi, na bila ushahidi wazee wasingemruhusu kukaa eda. Labda. Na labda Babu Hamisi alikuwa hai mahali, Bibi akaolewa akiwa mke wa mtu. Hapo Mjomba Rashidi, mtoto wa ndoa ile, anayemletea Mama uji kila asubuhi, tumwiteje? Wa kuwauliza wote wako kaburini.

Mama aliponikabidhi kofia alinishika mkono: "Kama si yake niambie. Nisije nikafa namwita marehemu mtu aliyeniacha."

Kumdanganya siwezi, namwogopa Mungu. Kumwambia nimeshindwa. Wewe ndiye unayemgeuza kitandani, unajua nguvu aliyobaki nayo. Ukiona atabeba, mwambie. Ukiona hapana, rudisha kofia sandukuni, nami nitanyamaza mpaka atangulie.

Msalimie shemeji. Mjomba Rashidi naye msalimie, lakini barua asiione. Mama mwambie namwombea kila sala. Akikuuliza kama nimepata jibu, sijui utamwambia nini. Lolote utakalosema, nijulishe, tusije tukapishana.

Naomba unijibu upesi.

Mdogo wako,
Selemani