Ngoma Ilikuwa ya Nani

Mjukuu wangu Koku,

Bibi yako anakusalimu, migomba imeipenda mvua, na barua hii naiandika mwenyewe. Herufi zikipinda, zipinde.

Umenifurahisha kuniuliza habari za kompyuta kubwa ya benki yenu. Unasema kazi ikikatika mkataka kuianzisha upya, inatoka ilani ya kosa yenye alama ya kuonyesha amri ilitoka wapi, na wenzako wanairuka. Je, uisome au uwafuate? Isome. Mimi alama kama hiyo niliisoma kwa masikio, wakati wa vita, hapahapa Buganguzi.

Ngoma ililia amri ya kuhama. Watu wakafunga mizigo. Bibi yako alikuwa amemzaa mama yako usiku uliopita, hata kusimama hawezi. Jirani yetu Rwego akaniita, "Mbebe mkeo, unangoja nini?"

"Nangoja ngoma irudie mwanzo."

"Haya, bishana nayo mpaka wakukute."

Kila kijiji kilianza kwa mapigo yake ya kujulikana, ndipo amri ifuate. Mwanzo uliporudi nikacheka. Ilikuwa ngoma ya ufukweni: watu wa ziwani ndio walioamriwa kuhama, wapande huku kwetu. Pa kukimbilia palikuwa hapa.

Rwego alifungua mizigo amenuna. Mimi, mwenye masikio kuliko kijiji kizima, nikaanza kumenya ndizi za wageni, na mama yako akaendelea kunyonya.

Kwa hiyo ukiiona alama yenu, tulia. Huenda amri si yako, na kazi yako ni kuweka sufuria motoni.

Babu yako