Wanaokumbatiana Gatini

Jumatatu, 3 Machi

Kachaguliwa! Mwenyekiti! Mwanangu mimi, niliyemzaa mwenyewe, mwenyekiti wa madereva wote wa teksi wa gatini! Hata sijakusalimu, daftari langu, nisamehe. Mikono bado inanuka sabuni.

Wanavyopiga kura hawa watu, utacheka. Hakuna karatasi. Wagombea wawili wanaegesha magari yao mbele, kisha kila dereva anapeleka gari lake nyuma ya mtu anayemtaka. Upande huu mwanangu, upande ule Breki. Wanamwita Breki kwa sababu akishasema hapana, hasogei. Magari ya nyuma ya Breki yakafika mpaka duka la simu. Ya mwanangu yakapinda kona! Nilitoka mbio kule ninakofua mashuka ya nyumba ya wageni, aproni kiunoni, nikapiga vigelegele hadi msimamizi akaja kuona kama kuna moto.

Madereva wote: "Shikamoo Mama Mwenyekiti!" Nikawaitikia mmoja mmoja, taratibu, nisimruke mtu.

Lakini kuna jambo moja sijalipenda. Nilipofika, mstari wa mbele kabisa kulikuwa na mtu anapiga makofi. Kofia pana kama ungo. Ni yule mama wa kizungu aliyehamia kilimani, wanamwita Bibi Kofia. Mwanangu humwendesha sokoni na kila mahali. Nikamuuliza mwanangu, huyu kaalikwa na nani? Ati ni yeye mwenyewe aliyempigia Bibi simu asubuhi kumwambia leo ndiyo siku.

Asubuhi! Na mimi nimesikia kwa muuza vocha!

Haya. Leo ni furaha. Mwenyekiti!

Jumatano, 5 Machi

Mwenyekiti wangu kaanza kazi, na kaikuta moto.

Gatini kuna sheria. Boti ikifunga, abiria ni wa gari lililo mbele kwenye foleni. Ukirudi, unakwenda mkiani, uwe nani uwe nani. Sasa hawa wageni waliohamia — sisemi watalii, nasema wenye nyumba zao, bustani zao, mbwa wao — wanapangisha vyumba, halafu wanashuka na magari yao wenyewe kubeba wapangaji. Ukiwauliza: huyu ni rafiki yangu! Na madereva wamekaa kwenye foleni tangu jua halijawaka, abiria wanapita mbele ya pua zao.

Zamani walijulikana kwa kibao. Aliyeshika kibao chenye jina, hamjui anayempokea. Rafiki hapokewi kwa kibao. Basi madereva wakakubaliana: mwenye kibao azuiwe, wanaokumbatiana wapite. Eh! Tangu mwaka jana wageni wote wanakumbatia! Mtu anashuka zake kwenye boti, hana habari, anajikuta kifuani kwa bwana wa kaptura. Mmoja juzi alikumbatia begi lake kwa nguvu akidhani anaibiwa. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Breki hacheki. Anasema hawa hawakuota. Kuna mtu kawafundisha, na siku akimjua, huyo mtu hataona tena foleni ya gatini.

Mwanangu anataka pande zote zikae ziongee. Ndivyo alivyo, tangu mdogo akigawa kitu anakupa wewe kikubwa.

Jioni nilikuwa napiga pasi, yeye mlangoni na simu. Nikasikia: "Sawa, mama. Nimekuelewa, mama." Nikageuka nikasema, umeelewa nini? Akaweka kidole mdomoni, ninyamaze. Hakuwa anasema na mimi.

Najua, najua. Kila mwanamke mzima ni mama. Mimi mwenyewe nimefundisha hivyo. Lakini kuna mama, na kuna mama.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimeingia nyumbani kwa Bibi Kofia. Alileta mapazia yake yafuliwe kwetu, msimamizi akanituma nimrudishie. Nilijua Mungu ananipa nafasi ya kuona.

Nyumba nzuri, siwezi kusema uongo. Sakafu baridi. Vikombe havifanani hata viwili. Mapazia nimemning'inizia mwenyewe, maana alikuwa anayashika kama mtu aliyeokota nyoka.

Halafu friji. Kwenye mlango wa friji — picha ya mwanangu! Anacheka, meno yote nje! Mimi nikitaka kumpiga picha ananuna kama anaenda kupimwa. Nina picha zake tangu hajaota jino, hakuna hata moja anayocheka hivi. Nikasema: picha nzuri. Akasema kwa Kiswahili chake cha kuokotaokota, ilikuwa ile siku jino lilipoacha kumuuma.

Jino gani?

Mwanangu kaumwa jino wiki nzima na mimi sijui! Yeye ndiye aliyempeleka kung'oa! Nikajifanya ninajua. Nikasema, aa, lile jino.

Akanipa chai. Akamsifu mwanangu, nikalainika kidogo, maana anayesifu mwanangu hajakosea. Ndipo akaegemea mbele, akashusha sauti kama tuko wawili duniani. Mwaka jana dada yake wa kuzaliwa alikuja kumtembelea, Breki akamzuilia gari, ikawa kelele. Mwanangu akamnong'oneza: mkumbatie, wakikuona mnakumbatiana watajua ni ndugu, watakuacha. Akamkumbatia, akaachwa. "Akili sana, kijana wangu," anasema huku anacheka. Sasa anawakumbatia wote, na jirani zake wamemuiga.

"Siri yetu," akasema, akaweka kidole mdomoni.

Siri yao! Yeye na mwanangu! Kijana wake!

Nimeteremka mlima ule sijui nilivyoteremka. Mwanangu alimsaidia mtu na dada yake, basi. Hilo la kubeba wapangaji ni la Bibi mwenyewe. Lakini siyo hilo linaloniuma. Linaloniuma ni kwamba wana siri.

Jumapili, 9 Machi

Leo mwanangu kala nyumbani, kala vizuri. Nikamuuliza, hapo jino lilipotoka pameshapona? Akashtuka. "Nani kakwambia, mama?" Nikasema mama hujua.

Hakuniambia lolote la kukumbatiana. Nimengoja mpaka kaosha mikono. Hakuniambia.

Jumanne, 11 Machi

Kichwa kimependeza. Roho hapana.

Nilikwenda kusuka kwa mke wa Breki. Tunasukwa pale wote, siasa za gatini hatuziingizi saluni. Yuko nyuma yangu na kitana, wanawake wamejaa kwenye benchi, akaanza: yule Bibi Kofia jamani ana akili! Kawaingiza mjini waume zetu wote kwa kukumbatia tu. Na benchi zima: ee, yule mama ni kiboko. Ee, wenzetu wamesoma. Mmoja akaongeza, hata Mwenyekiti anakula kwake, si mnaona alivyonawiri?

Anakula kwake! Alivyonawiri! Nilivyomlea mimi kwa mikono hii iliyochubuka kwa dawa ya mashuka!

Nikasema — sijui kilichonisukuma, ninajua vizuri sana kilichonisukuma — nikasema: "Akili ya nani? Yule angejua wapi? Mwanangu ndiye aliyemfundisha! Lile la kukumbatia limetoka kichwa hikihiki nilichokizaa mimi!"

Kitana kikasimama.

Mke wa Breki akasema tu, "Alaa." Akaendelea kusuka, mkono mwepesi mno. Akanimalizia upesi, hata chai hakunipa.

Labda hakusikia vizuri. Kulikuwa na redio.

Jumatano, 12 Machi

Alisikia.

Mwanangu karudi mapema. Gari lake limetolewa kwenye foleni. Breki kaegesha la kwake mbele yake, wenzake wakafuata, mpaka akabaki ukutani peke yake. Yale magari yaliyopinda kona.

Hakula.

Alhamisi, 13 Machi

Gatini kumechafuka. Sasa hakuna kukumbatiana kabisa. Fundi bomba, mtu wa hapahapa, kaenda kumpokea mkewe aliyetoka kujifungua kwa wazazi wake, kamkumbatia, madereva wakamzingira! "Huyu ni nani wako? Jina lake la utani nani?" Mke akawaambia, muulizeni huyu mtoto, pua yake mnaijua. Watu walicheka, lakini kicheko chenyewe kikavu. Wageni nao wamekasirika. Wanasema wataleta basi lao wenyewe, teksi zote zikae zipigwe jua. Wakileta basi tumekwisha, siyo mwanangu tu, kituo kizima.

Mwanangu alikaa kwenye kiti cha jikoni, mimi napiga pasi. Akasema polepole: "Mama. Wanasema limetoka saluni."

Nikapiga pasi.

"Mama. Mke wa Breki anasema ni wewe."

Laiti angepiga kelele! Baba yake angepiga kelele tukamaliza. Yeye alininyang'anya pasi tu, maana foronya ilikuwa imeanza kuungua, akaisimamisha pembeni. Nikamwambia nilikuwa nakusifu. Akasema: "Najua, mama. Siku zote unanisifu."

Ijumaa, 14 Machi

Bibi Kofia kaja kwangu. Kwangu! Kavua kofia mlangoni, kumbe nywele zake ni chache, nyeupe, kama za mtoto. Nilimpa kile kiti kizuri. Sikutaka, mkono ulikitoa wenyewe.

Kaongea na pande zote mbili. Wageni hawataki kwenda kituoni, madereva hawataki kupanda kilimani. Wamekubaliana wakutane uani kwangu, kwa kuwa ni nyumbani kwa Mwenyekiti na bado hajatolewa rasmi. Breki atakuja na mkewe awe shahidi, na benchi la saluni halitakosa.

Mwanangu akasema atasimama aseme ukweli wote. Bibi akasema hapana, watakutoa kwenye foleni maisha. Akasema, atasema yeye. Kwamba hila ile aliibuni mwenyewe, hakufundishwa na mtu. Atawaomba radhi, na wageni wataacha kubeba wapangaji, abiria wote warudi kwenye foleni. Hilo kashawakubalisha jirani zake. Sijui kwa nguvu gani, lakini kawakubalisha.

Mwanangu akauliza, na aliyoyasema mama saluni je?

Bibi akanitazama, kisha akamgeukia mwanangu. Akasema: "Nitasema nilimdanganya mama yako. Nilimwambia ni wewe, nimfurahishe tu. Naye akaamini."

Yaani nikae uani kwangu, mbele ya kituo kizima na benchi zima la saluni, niwe yule mama mjinga aliyepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa na mzungu. Na yeye asimame, amwokoe mwanangu.

Akasema, "Mtoto hana kosa."

Nikamwambia, "Mtoto wa nani?"

Mwanangu akatazama sakafu. Bibi akasema, "Wako." Bila kinyongo. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote, hana kinyongo!

Jumamosi, 15 Machi

Nimefagia ua mara mbili. Nimeazima viti nyumba ya wageni, msimamizi kanipa na vikombe. Nimefua kitambaa cha meza kama cha harusi. Wasije wakasema kwa Mwenyekiti kuna vumbi.

Mwanangu kanisaidia kupanga. Kapanga wageni huku, madereva kule. Mimi nimevisogeza vyote vikachanganyika, naye kaviona akaviacha. Halafu kanishika bega: "Mama, kesho wewe kaa kimya tu. Bibi ataongea." Nikasema sawa. Yeye mwenyewe hakuamini, anijua.

Nimewaza tangu nilipokuwa kwenye kamba ya nguo. Atakaosema Bibi ni uongo. Mzuri, lakini una tundu: Breki atauliza, kwa nini umfurahishe mfua mashuka? Kwa lipi? Mimi ninao uongo ulio bora. Nisimame niseme: ni mimi. Mimi ndiye niliyemfundisha huyu bibi kukumbatia, siku alipoleta mapazia ya kwanza mwaka jana, nikamhurumia kwa ajili ya dada yake. Na saluni nikasema ni mwanangu kwa sababu mnanijua, jua likichomoza nasema ni mwanangu kaliwasha! Hapo benchi zima litacheka, na wakicheka wameamini. Wanichukie mimi. Mimi sina teksi, hawana foleni ya kunitoa.

Uongo wa kumwokoa mwanangu ni wa kusemwa na mimi. Nani kampa yeye ruhusa?

Lakini Bibi hajui kama nami nina wangu. Na akisimama kwanza aseme wa kwake, kisha nisimame niseme wa kwangu, Breki atatutazama wanawake wawili wazima tunagombania kosa moja, na atajua papo hapo tunamficha nani.

Ningempigia simu sasa hivi tupatane. Namba yake mwanangu anayo. Nimwombe mwanangu namba ya yule mama? Mimi? Simu iko hapa mezani, imelala kifudifudi.

Vikombe nimevihesabu vinatosha, na cha Bibi Kofia kimo. Kesho Jumapili, boti ya mchana ikishaondoka, wanakuja wote.