Maswali Hamsini na Majibu ya Mama

Baghbazar, Kolkata
30 Oktoba 2023

Mama mpendwa,

Nagusa miguu yako na kukutakia heri ya Bijoya, sikukuu kubwa ikiwa imekwisha. Hujambo? Goti linaendeleaje? Mdogo wangu Ruku naye hajambo? Huku sote ni wazima wa afya.

Nakuandikia kwa sababu simu siiwezi. Nikiishika tu, mama mkwe huja kukaa kando yangu na sinia la viazi, akawa anamenya taratibu mpaka nimalize.

Tangu sikukuu iishe tumepokea wageni arobaini na mmoja. Nimewahesabu. Wote nimewainamia, wote nimewapa kashata za nazi. Shangazi yake mume wangu Subimal akaniuliza kama kashata ni tamu. Nikamwambia sukari imezidi, na kwa mtu mwenye kisukari hizo tatu alizokula zinatosha. Shangazi akasukuma sahani kando. Mimi nilidhani namsaidia. Halafu wakaanza kusema wote kwa pamoja, televisheni inapiga kelele, nikapanda darini nikakaa nyuma ya mashuka yaliyoanikwa mpaka wakaondoka. Mama mkwe akasema, "Tuliomba mke, tumeletewa malkia. Kiburi kitupu." Yeye na Subimal wameamua kwamba sikukuu ya Poush ikifika katikati ya Januari niache kazi, nikae nyumbani nifundwe upya.

Mama, unajua kazi yangu. Kutwa nabandika mimea iliyokaushwa kwenye karatasi na kuiandikia majina, na hakuna anayenitaka nicheke. Wakininyang'anya ile, sijui nitaishije. Nasema hivi bila kutia chumvi.

Sohini, mwenzangu wa kazini, amenipa maswali hamsini ya kujipima mwenyewe. Unajibu kama unakubali kabisa, kidogo, au hukubali. Je, mizaha hukupita? Je, sauti ndogo hukukera kuliko wenzako? Nimepata thelathini na nane. Ukivuka thelathini na mbili unashauriwa kumwona daktari. Hali hii inaitwa usonji, na wangu huenda ni ule mwepesi. Si wazimu, Mama, usishtuke. Nimeshamwona daktari, naye anataka mtu aliyenilea ajibu maswali mengine kuhusu utoto wangu. Subimal ameahidi: daktari akiandika kwamba hiki si kiburi, atasema na mama yake, na kazi nitabaki nayo.

Nimeweka fomu humu. Hakuna jibu zuri wala baya. Usinipambe, andika tu nilivyokuwa, kisha uitume moja kwa moja kwa daktari.

Mwanao,
Mithu

Krishnanagar
13 Novemba 2023

Mithu wangu,

Baraka zangu zikufikie wewe na mkwe wangu. Sisi tunashukuru. Goti lipo, siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Wewe unakula? Mara ya mwisho nilikuona umekonda, na usiniambie uzito wako kwa gramu.

Arobaini na mmoja. Mtoto gani huyu anayehesabu wageni? Na huo ukweli wako, mwanangu, ungengoja kidogo mwenzio amalize chai.

Huo usonji sijauelewa. Bapi wa jirani ndiye wanasema anao, na Bapi hasemi hata neno. Wewe ulianza kusema kabla ya kutembea, ukaanza na kusahihisha watu. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa hivyo hivyo na hakuna aliyempima kwa maswali.

Huku tuna shughuli. Kuna watu wa Ranaghat, wenye duka la vitambaa, wanamtaka Ruku. Watakuja kumwona mwezi wa Februari. Wanauliza kila kitu: ukoo, nyota, ngozi, na dada mkubwa anaishije na wakwe zake. Nimewajibu anatunzwa kama yai. Kizuri chajiuza, wanasema, lakini aliyesema hivyo hakuwa na mabinti wawili wa kuoza.

Usiwe na wasiwasi, fomu yako nimeijaza. Imenichukua alasiri tatu, kwa kalamu nzuri ya baba yako. Nimekuandika vizuri hata kuliko nilivyokuandika kwenye karatasi ya posa tuliyowapa wakwe zako. Nimeituma kwa posta ya rejista. Atakayeisoma hatathubutu kukudharau.

Mama yako

Baghbazar
22 Desemba 2023

Mama,

Nagusa miguu yako. Natumaini u mzima. Mimi si mzima, nami sijui kuanza barua kwa kusema vinginevyo.

Daktari alinisomea majibu yako. Palipoulizwa kama nilikuwa na marafiki, umeandika: wengi mno. Nilikuwa na mmoja, Mama, na alikuwa kuku. Palipoulizwa kuhusu kelele, umeandika: anapenda sherehe. Palipoulizwa kama nilikuwa nikipanga vitu kwenye mistari, umeandika: ni msafi, anajua kazi zote za nyumbani. Na kwenye nafasi iliyobaki chini ukaongeza kwamba mimi ni maji ya kunde, nina kimo cha futi tano na inchi tatu, na naimba vizuri.

Daktari alicheka. Halafu akanitazama, akaacha. Akasema anaamini ninachomwambia, lakini utoto huu ulioandikwa hapa ni wa mtu mwingine, na bila utoto hawezi kuandika kitu.

Subimal alikuwa anangoja nje. "Basi ni tabia," akasema, "na tabia hufundishika." Siku yangu ya mwisho kazini ni tarehe kumi na mbili Januari. Mafunzo yameshaanza. Jioni mama mkwe huwaita majirani wawili, tunakaa, na nikitazama sakafu ananigusa mbavuni kwa mpini wa upepeo. Bibi mmoja jana alinipongeza. Alisema naanza kuwa mtu.

Niliporudi chumbani nilitafuta kosa langu, nikaona sikukosea popote. Nilikueleza kila kitu kwa maandishi. Kwa nini ulifanya hivi? Nijibu waziwazi, maana mafumbo unajua siyawezi.

Mithu

Krishnanagar
4 Januari 2024

Mithu mwanangu,

Baraka zangu, kama bado unazitaka. Nimekaa na barua yako siku tisa, na kila nikishika kalamu naona aibu.

Umeniuliza waziwazi, nakujibu waziwazi. Niliogopa. Ile karatasi ya posa niliiandika mimi, na wakwe zako walikuchukua kwa maneno yale. Kumwambia daktari ukweli ni kuwaambia wao kwamba niliwadanganya, na mke aliyeletwa kwa uongo hurudishwa. Nilikuona akilini umesimama mlangoni kwetu na sanduku, Ruku nyuma yako hana wa kumposa, na mtaa mzima umetoka kutazama. Kwa hiyo nikaandika uongo uleule tena. Njia ya mwongo ni fupi, nami nimefika mwisho wake.

Kuna jingine, nalo ndilo linaloniuma. Ulipokuwa na miaka minne ulikuwa ukiziba masikio kengele za hekalu zikilia. Nikawa nakufunga mikono kwa ncha ya sari yangu ili watu wasione. Wageni wakija nilikufinya pajani: mtazame shangazi usoni, sasa cheka. Siku ulipocheka bila kufinywa nilimwambia baba yako, nimemaliza kazi. Alitoka akaenda kukaa na yule kuku wako.

Nilijua, Mithu. Jina sikulijua, ila nilijua. Maswali yale ya daktari yalikuwa kama yameandikwa na mtu aliyeishi kwetu.

Humu mna kurasa kumi na moja. Nimeyajibu yote upya, kweli tupu, nikaandika na jina langu kamili. Mpelekee daktari. Najua siku zimekwisha, lakini mpelekee. Ruku bado sijamwambia.

Mama yako

Baghbazar
25 Januari 2024

Mama,

Nagusa miguu yako. Hamjambo, wewe na Ruku? Barua hii itatoka na Sohini. Amekuja kuniona, wamempa robo saa, naandika haraka.

Karatasi ya daktari nimeipata. Alizisoma kurasa zako mara mbili, akaandika siku ileile. Niliibeba hadi nyumbani ndani ya kitabu isije ikakunjika.

Subimal ametimiza ahadi. Alisema na mama yake. Mama mkwe aliisoma, akalia, akanikumbatia kwa nguvu, nawe unajua ninavyoumia nikikumbatiwa hivyo. "Maskini," akasema, "kumbe tulikuwa tunamwonea mgonjwa. Nani amwache mgonjwa apande basi peke yake?" Hata hawakukukasirikia kwamba uliwadanganya. Wamekasirikia nyota zangu.

Sasa ananichambulia miiba ya samaki. Wanaongea nami polepole, kwa sauti ya hospitali. Mlango wa darini wameufunga nisije nikaanguka. Nawaambia usonji si ugonjwa, naweza kufanya kazi, kazi ndiyo inayoniponya. Wanaitikia kwa kichwa, kama unavyomwitikia mtoto anayesema ameona simba. Zamani walinifungia ndani kwa sababu nina kiburi. Sasa wananifungia kwa sababu naumwa. Mlango ni uleule, Mama, isipokuwa zamani niliweza kubishana nao.

Mkuu wangu amemwambia Sohini nafasi itaningoja mpaka mwisho wa Februari. Baada ya hapo atamchukua mwingine.

Kurasa zako nimezisoma mara sita. Ni za kweli zote. Sijui kama bado nimekukasirikia. Kupima kitu kama hicho kunanishinda.

Sohini anasimama. Nataka kutoka humu.

Mithu

Krishnanagar
31 Januari 2024

Mithu,

Sikuulizi hali, nimeijua.

Nimemsomea Ruku barua zote. Amesema mwanamume atakayemkimbia kwa sababu yako na akimbie sasa, kabla hatujanunua samaki wa harusi. Kisha akanigeuzia kibao: kwa nini miezi yote hii natumia jina lake na sijamuuliza?

Nakuja Jumapili saa tano asubuhi, saa ya wageni, na nimeichagua makusudi. Nitasema mbele yao wote kwamba kwenye karatasi ya posa nilidanganya mimi, na wewe hukudanganya hata neno. Mama mkwe wako akisema mgonjwa hatoki, nitamwambia huyu nilimzaa mimi na namjua. Akilia, tutalia pamoja, halafu tutaondoka. Subimal akitaka kuongea nawe, njia ya Krishnanagar anaijua.

Kutoka hapa hadi kazini kwako ni mwendo wa saa tatu na nusu kwenda, na hivyo hivyo kurudi. Nimeuliza stesheni. Ni mbali, utachoka, na majirani zetu ni walewale uliowaacha, watauliza. Sina nyumba nyingine ya kukupa.

Fungasha nguo za baridi, na za miezi ya joto pia.

Mama yako